Eti "si unalo lingine?" Moshi hii nitakufa na presha

Wakuu naandika mkono unatetemeka. Yule dokta wa miwani ya kamba mnamjua, simtaji. Jumatatu nimeamka sikio la kushoto limezima, haliumi, limezima tu kama redio umeme ukikatika, ndani kuna filimbi fiiii na nikisimama Kiborloni nzima inazunguka. Nikaenda kwake. Kachungulia sekunde mbili, "nta hiyo", kapiga maji na bomba la sindano mpaka shati likalowa, nta yenyewe haikutoka hata ya kumtosha sisimizi. Namwambia dokta bado sisikii, yuko kwenye simu anachati, akajibu "si unalo lingine?" SI UNALO LINGINE!! Na akacheka. Kanipa matone na antibaotiki, nirudi baada ya mwezi.

Leo siku ya nne nimeenda kwa mwingine, kijana mdogo tu, kagonga kile chuma cha uma kaniwekea katikati ya paji la uso, mlio wote nausikia kulia, akasema hilo ni sikio la ndani na ni dharura, kanipima na mashine ya hedifoni kanianzishia prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, vidonge lundo kila asubuhi, kasema wiki mbili za mwanzo ndo za kupigania, ikigoma wanachoma sindano kupitia ngoma ya sikio. Wiki mbili! Yule kasema mwezi! Halafu si unalo lingine, hivi angekuwa na mguu mmoja ningemwambia hivyo??

Mbege_Baridi: Pole mkuu ila wife akiomba hela si unamgeuzia la kushoto 😂

MamaWawili: Huyo huyo! Mimi nilienda na goti nikatoka na matone ya sikio

Kibo255: Hizo dawa cheki sukari mkuu, mamdogo zilimpandisha vibaya. Na usikatishe kienyeji.

Dogo_Sakina: Afadhali nyie, konda wa hiace leo kanipitisha Tengeru kanishusha Usa River na chenji kala

MamaWawili: Konda mwenye kofia nyekundu??

Dogo_Sakina: Huyo huyoooo

Mleta uzi: Jamani sikio langu

Mbege_Baridi: Andika kwa herufi kubwa mkuu hatukusikii

Kibo255: Kofia nyekundu ana elfu mbili yangu tangu Pasaka