Farasi jike anajifanya dume na ana kiungo cha ajabu chini ya mkia: akatwe nini kwanza?

Saisi_wa_Jinja: Habari za humu wakuu. Nina farasi wa kutembeza watalii, tulimnunua kama jike. Tangu apevuke anapanda majike wenzake, anapigana na madume na anang'ata watu. Ukiinua mkia, chini ya uke kimetokeza kinyama kinene kama kidole gumba, kimeelekea nyuma. Mkojo unaruka huko huko, mapaja yamebabuka. Mhudumu mmoja wa mifugo anataka kukikata hicho kinyama amalize kazi. Moyo wangu unasita, huyu mnyama nampenda sana.

DaktariKwato: Ndugu, mzuie. Dalili hizo ni za huntha, yaani mnyama mwenye maumbile ya kike na ya kiume kwa pamoja. Mara nyingi korodani zimejificha tumboni, na ndizo zinazomwaga homoni ya kiume. Ukikata cha nje ukaziacha, ukali utabaki palepale na mnyama ameumia bure. Apimwe kwanza testosteroni, yaani homoni hiyo ya kiume, kwenye damu, kisha ultrasaundi kupitia njia ya haja kubwa. Ukipata maabara ya kupima kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, ni vizuri zaidi: farasi ana 64, na wengi wa hawa hukutwa na XX kama jike wa kawaida. Wengine ni XY kama dume.

MamaMifugo_Mbarara: Nakazia hapo kwa daktari. Nimewahi kushuhudia upasuaji wa namna hii Nairobi. Farasi alisimama tu, kapewa dawa ya kutuliza na ganzi ubavuni, kichwa kimeegemezwa. Matundu madogo, kamera ikaingia, korodani zikafungwa mishipa na kutolewa. Alinyimwa chakula kabla, ili utumbo usiizibe kamera.

Saisi_wa_Jinja: Asanteni mno. Na hicho cha nje kibaki? Ataweza kuzaa?

DaktariKwato: Kuzaa sahau. Cha nje kinapunguzwa iwapo kinajeruhiwa au mkojo unaendelea kumbabua, na hapo njia ya mkojo lazima itengenezwe upya, la sivyo itaziba. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji, si ya wembe zizini. Anzia kuulizia Makerere, wanafundisha udaktari wa mifugo. Kwa sasa osha mapaja kila siku, kausha, paka vaselini. Ukali usitegemee uishe siku hiyo hiyo, huchukua wiki kadhaa, na tabia nyingine alishaizoea.

MamaMifugo_Mbarara: Chanjo ya pepopunda kabla ya kisu chochote, tafadhali. Farasi hawauwezi ugonjwa huo kabisa.

Saisi_wa_Jinja: Mhudumu nimeshamwambia asije. Kesho natafuta wa kuchukua damu.