Mjadala: Kobe wa Santa Cruz ni spishi moja au mbili?

Kisiwa cha Santa Cruz, katika visiwa vya Galápagos nchini Ekuado, kina makundi mawili ya kobe wakubwa: magharibi wapo zaidi ya 2,000, na mashariki, Cerro Fatal, kama 250 tu. Kwa macho wanafanana, hivyo kwa miaka mingi walihesabiwa pamoja. Vinasaba vikasema vingine: wa mashariki wana undugu wa karibu zaidi na kobe wa visiwa vingine kuliko na majirani zao. Mwaka 2015 wakapewa jina lao, Chelonoidis donfaustoi, kwa heshima ya Fausto Llerena, mhifadhi aliyelea kobe wa Galápagos kwa miongo kadhaa.

Naunga mkono kwa moyo wote. Ukiwajumlisha, hao 250 wanaweza kuisha na hesabu ya kisiwa isitikisike. Anayepinga alete hoja.

Jibu: Napinga. Si kila tofauti inatosha kuwa spishi. Mwaka 2021 watafiti walipima DNA ya mitokondria (ile iliyo nje ya kiini cha seli), wakaona kobe wote wa Galápagos wanatofautiana kidogo mno. Wakapendekeza spishi moja, Chelonoidis niger, yenye nususpishi, yaani makundi ndani ya spishi hiyo moja. Tena wanazaana: kwenye volkano ya Wolf, kisiwani Isabela huko huko Galápagos, wapo machotara wenye nasaba ya kobe wa kisiwa cha Floreana, waliotoweka karne ya 19. Na ulinzi hausubiri jina. Marekani iliwawekea kobe wa jangwa la Mojave ulinzi wa sheria mwaka 1990, wakati bado wanahesabiwa spishi moja na kobe wa jangwa jirani la Sonora. Walitenganishwa 2011.

Jibu: Kwa Mojave umenibana, nakubali. Ila sheria ya kulinda kundi bila jina la spishi haipo kila nchi.

Hoja ya kuzaana siipokei kabisa. Hao hao wa Mojave na Sonora huzaana wanapokutana Arizona, lakini machotara wako kwenye ukanda mwembamba tu, na kila upande umebaki na ukoo wake. Wale wa Wolf, inaaminika wazee wao walishushwa pale na mabaharia waliobeba kobe kama chakula cha safari. Huo ni mkono wa binadamu.

Na mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Ni kipande kidogo sana cha DNA, hakitoshi kufuta majina ya kobe wa visiwa vyote. Nakuuliza basi: DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa baba na mama, nayo ikiwatenga, bado utasema ni spishi moja?