MJADALA: Tuwafunze matabibu wa vituo vidogo kukusanya ushahidi wa ubakaji, au kazi hiyo ibaki hospitali kubwa?

Mleta mada (mhudumu wa afya wa kijiji, Nyando, Kaunti ya Kisumu, Kenya)

Naanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Usiku mmoja jirani aliniamsha akilia: binti yake wa miaka 14 amebakwa akitoka kusaga unga. Tulimkimbiza kituo cha afya kilicho karibu. Tabibu wa zamu (afisa wa kliniki, si daktari kamili), kijana mpole, alimpokea vizuri. Vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi alimwanzishia papo hapo, maana alijua saa 72 zikipita havimsaidii tena. Lakini tulipomwomba ampime na kujaza fomu ya PRC, ile inayoandikwa matokeo ya kumpima aliyebakwa na kutumika kortini, alirudi nyuma. "Mama, nikiikosea hii nitaitwa kortini. Mpelekeni mjini."

Nguo za mtoto akazitia kwenye mfuko mwekundu wa takataka za hospitali, akapiga fundo. Zilikuwa zimeloa mvua. Zilipofunguliwa mjini kesho yake mchana, zilinuka uvundo. Ndipo nilipoambiwa kwamba nguo kama hizo hukaushwa kivulini, kila moja ikatiwa kwenye bahasha yake ya karatasi, kwa sababu unyevu uliofungiwa kwenye plastiki huozesha ushahidi. Hilo hujifunzwa kwa dakika tano! Tabibu yule alisoma miaka mitatu, na hakuna aliyemwonyesha.

Mwongozo wa Wizara ya Afya haumzuii tabibu kujaza PRC. Kinachomzuia ni hofu ya kazi asiyofunzwa. Marekani wauguzi walianza kufunzwa upimaji huu miaka ya 1970. Kozi yao ya kawaida ni saa 40 za masomo, halafu mwanafunzi anapima akisimamiwa na mzoefu. Wale wasaidizi wa madaktari wa kwao, kada inayokaribiana na matabibu wetu, ambao Chuo Kikuu cha Duke kilianza kuwafunza 1965, nao wamo wanaofunzwa kazi hii. Nasema kila kituo cha afya Kisumu, Nakuru na magharibi yote kiwe na tabibu aliyefunzwa hivyo. Anayepinga aje.

Wakili, Nakuru

Mimi napinga, na si kwamba siwaonei uchungu watoto wetu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inasema anayenajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini hufungwa maisha. Karatasi inayoweza kumpeleka mtu huko isijazwe na aliyekaa semina ya siku tatu akapewa cheti na soda.

Nimewahi kushika fomu iliyoandikwa hivi tu: "Kizinda hakipo, amenajisiwa." Kizinda peke yake hakithibitishi kitu, kuna wasichana wanaozaliwa bila hicho, na Mahakama ya Rufaa imeshaligusa jambo hilo. Kazi ya mpimaji ni kuandika alichokiona: mchubuko uko wapi, una ukubwa gani, rangi gani, mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Kama amenajisiwa au la, hiyo ni kazi ya hakimu. Mpimaji asiyejua tofauti hiyo nitamhoji kortini, na ni wajibu wangu kumhoji, na kesi itaanguka mtoto akiwa amekaa pale anatazama. Afadhali wapimaji wachache waliokomaa, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Eldoret, na gari la kuwafikisha watu kwao.

Mzazi, Kisumu

Gari lipi, wakili? La kubebea wagonjwa tu hukosa mafuta. Halafu nyinyi mawakili ndio mnatuambia Mahakama ya Rufaa ilisema tangu 2006 kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuui kesi ya ubakaji.

Muuguzi, Busia

Ni kweli hakuui kesi, ila mtoto anabaki na maneno yake peke yake mbele ya watu wazima wanaomwita mwongo. Mimi sitaki abaki hivyo.

Mnabishana daktari au tabibu, na usiku kwenye kituo chetu yupo muuguzi mmoja tu, basi. Nami nimefunzwa. Niliwahi kukusanya kila kitu sawasawa, nikaandika nani ameshika, saa ngapi. Bahasha zikakaa kabatini siku 19 zikimsubiri askari wa kuzichukua, na Mkemia wa Serikali, anayepima ushahidi huo kwenye maabara, ana tawi hapo Kisumu. Kortini nilikwenda kwa nauli yangu, mara nne, mara tatu ikaahirishwa. Baadaye nilihamishwa, na sijui nani alisimama badala yangu kusoma mwandiko wangu.

Na sisi wa Busia hatujasahau 2013, wale waliombaka msichana walipoamriwa kufyeka nyasi kwenye kambi ya polisi kisha wakaachiliwa. Ilibidi dunia nzima ipige kelele ndipo mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Pale hata tungekuwa na matabibu kumi waliofunzwa, bahasha zingepokelewa na nani?

Mleta mada

Dada muuguzi, hapo umenigusa. Nilisahau upande wa polisi kabisa. Basi naongeza: anayefunzwa afunzwe pamoja na askari wa dawati la jinsia wa eneo lake, wale wanaopokea kesi za ubakaji kituoni, wajuane kwa majina na kwa simu. Nauli ya shahidi ilipwe na kaunti. Na wauguzi wa usiku wawemo, nakubali.

Wakili, la semina ya siku tatu nakupa. Nami siitaki. Lakini hao wachache wa mjini watampima binti wa Nyando saa ngapi? Akiwa ameshaoga, kwa sababu mama alimhurumia asilale na tope hadi asubuhi? Alioga, ndugu yangu. Kwa maji ya moto niliyoyachemsha mimi mwenyewe.

Juzi nilipita pale kituoni. Tabibu yuleyule bado yupo. Nikamwuliza, akifunzwa atakubali kusimama mbele ya mtu kama wewe? Akanyamaza kidogo, kisha akasema atakubali, ila safari ya kwanza angependa mtu mzoefu aende naye, akae tu kwenye benchi la nyuma amwone.