Ajenti wa AI anaita zana isiyo sahihi na anachanganya saa. Maelezo ya zana yaandikweje?

Mtoa mada
Wakuu, naomba ushauri. Kuna ajenti wa kukata tiketi za basi, anachati na wateja kwa Kiswahili. Ana zana nne, yaani kazi za programu anazoweza kuziita: `tafuta`, `angalia`, `kata` na `ghairi`. Mteja akiuliza "kuna basi la Arusha kesho?" anaita `angalia`, wakati ile ni ya kuonyesha tiketi iliyokwisha kukatwa. Mteja akisema saa mbili asubuhi, kwenye parameta (thamani anayoipa zana) inaingia 02:00. Na mtandao ukikwama kwenye malipo anaita `kata` mara ya pili. Maelezo ya `angalia` ni haya: "Huangalia taarifa za safari." Nianzie wapi?

Fundi_Skima
Anzia hapo hapo kwenye maelezo, mkuu. Modeli, yaani AI inayomwendesha ajenti, haioni programu iliyo nyuma ya zana. Inaona jina, maelezo na skima ya parameta (orodha ya parameta na aina zake), basi. "Taarifa za safari" inaihusu `tafuta` sawasawa na `angalia`, kwa hiyo ajenti anabahatisha.

Badili majina kwanza: `tafuta_safari`, `angalia_tiketi`, `kata_tiketi`, `ghairi_tiketi`. Kisha maelezo yaseme zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini na badala yake iitwe ipi, na inarudisha nini. Kwa mfano:

> Huonyesha tiketi moja iliyokwisha kukatwa. Tumia mteja anapotaja namba ya tiketi au anapouliza kuhusu tiketi aliyonayo. Usitumie kutafuta mabasi wala nafasi. Kwa hilo ita `tafuta_safari`. Hurudisha jina la msafiri, njia, muda wa kuondoka, kiti na hali ya malipo. Haibadilishi chochote.

Hiyo "usitumie" ndiyo inayotenganisha zana zinazofanana, na watu wengi huiruka. Sentensi ya mwisho nayo ibaki: ajenti akijua zana ni ya kusoma tu, hana sababu ya kumwomba mteja ruhusa kila anapotaka kuiita.

Vituo usiviache viwe maandishi huru. Weka `enum` (orodha ya thamani zinazoruhusiwa tu) yenye misimbo yako, mfano `DAR_MBEZI`, na kwenye maelezo ya parameta uandike kwamba mteja anaweza kusema "Mbezi", "Magufuli" au "stendi ya Dar" na zote ni msimbo huo mmoja. Bila hivyo kila mazungumzo yataleta tahajia yake.

Dada_wa_Seva
Kuhusu saa: parameta ikiitwa `saa` tu, modeli haijui unahesabu kwa mtindo upi. Iite `muda_wa_kuondoka`, kisha andika: "Muda wa Afrika Mashariki (UTC+3), mfumo wa saa 24, HH:MM. Mteja husema saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, saa nne usiku ni 22:00. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kwanza."

Mtego mwingine ni "kesho saa nane usiku". Hiyo ni 02:00, lakini wapo wanaomaanisha usiku wa kuamkia kesho na wapo wanaomaanisha usiku wa kesho yenyewe. Mwelekeze ajenti athibitishe kwa kutaja siku na tarehe. Na tarehe ya leo uiweke kwenye maagizo ya mfumo (yale anayopewa ajenti kabla ya mazungumzo), vinginevyo "kesho" ataikisia.

Mlinzi_wa_Malipo
La malipo halitibiwi na maelezo peke yake, mkuu. Kila ombi lipewe namba ya kipekee inayotengenezwa na mfumo wako, siyo na modeli, ili seva ikipokea namba ileile mara mbili isikate pesa tena. Nauli pia iondoe kwenye parameta kabisa. Ajenti atume `safari_id` na kiti, seva isome bei yenyewe.

Halafu tazama ujumbe wa hitilafu. Ukirudisha "Error 500" (seva imeshindwa, bila maelezo zaidi), ajenti anajaribu tena kwa sababu hana kingine cha kufanya. Ongeza zana ya tano, `angalia_malipo`, na urudishe hivi: "Malipo hayajathibitika. Usiite `kata_tiketi` tena. Ita `angalia_malipo` kwa namba hii ya ombi." Ujumbe huo modeli inausoma kama inavyosoma maelezo, kwa hiyo uandike kwa uangalifu uleule.

Mtoa mada
Asanteni sana. Maelezo yakirefuka hivi, gharama haipandi?

Fundi_Skima
Inapanda, maana maelezo ya zana zote huhesabiwa tokeni (vipande vya maandishi vinavyotumika kupima gharama) katika kila ombi. Lakini sentensi nne au tano kwa zana si mzigo. Mzigo mkubwa uko kwenye majibu: `tafuta_safari` ikirudisha mabasi yote ya wiki na fildi za ndani za hifadhidata, hapo ndipo tokeni zinaisha. Rudisha safari chache za karibu, kila moja na `safari_id`, kampuni, muda, nauli na viti vilivyobaki, pamoja na idadi ya zilizosalia.

Kabla ya kubadilisha maelezo, kusanya sentensi halisi za wateja, hata 30. Kando ya kila moja andika zana na thamani unazotarajia, ukiweka pia zile ambazo ajenti hapaswi kuita zana yoyote. Zipitishe zote kila unapogusa maelezo, na gusa zana moja kwa wakati, la sivyo hutajua ni mstari upi uliorekebisha na upi ulioharibu.