Uniti zinakatika mapema na bili ya maji imepanda bila kifaa kipya: nianzie wapi?

Mpangaji_5

Wakuu, habari za saa hizi. Nyumba ina watu 5. Vifaa: friji moja, televisheni na king'amuzi, pasi, birika la umeme, hita ya maji ya tangi la lita 50, pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu, vyoo viwili vya kuflashi. Hakuna kilichoongezwa, ila umeme unaisha kabla ya siku zake na mita ya maji nayo inakimbia.

Naomba kujua: nianze kukagua wapi bila kununua kitu kwanza? Kuzima friji usiku kunaokoa chochote? Na vile viboksi vya kuchomeka ukutani vinavyosemwa vinapunguza umeme, ni kweli au ni kuliwa hela?

Nyutro

Nianze na la mwisho maana ni jepesi: ni kuliwa hela. Ndani ya kile kiboksi kuna kapasita (kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) na kitaa. Kapasita inarekebisha aina ya umeme ambao mita ya nyumbani haikutozi. Mita yako inahesabu kilowati-saa (kWh, ndiyo uniti), yaani kazi halisi iliyofanyika, na hiyo kapasita haiipunguzi hata kidogo. Kitaa chenyewe ndicho kinachokula.

Sasa ukaguzi. Mita ya kidijitali ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Hiyo ndiyo idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Chukua saa ya simu, hesabu sekunde kutoka mpepeso hadi mpepeso, halafu gawanya:

mita ya 1000: 3600 ÷ sekunde = wati
mita ya 1600: 2250 ÷ sekunde
mita ya 3200: 1125 ÷ sekunde

Kwa mfano, mita ya 1000 ikipepesa kila baada ya sekunde 12, nyumba inavuta wati 300 muda huo. Mipepeso ikiwa ya haraka, hesabu 10 kwa pamoja kisha ugawe sekunde kwa 10, usikisie.

Hatua ya kwanza: shusha breka zote ndogo, swichi kuu iache juu. Subiri dakika 10. Mita inapaswa kutulia. (Baadhi ya mita kitaa huwaka moja kwa moja bila kupepesa pasipo na matumizi, usishtuke.) Kisha pandisha breka moja moja, kila moja uipe dakika chache, andika wati zake. Hapo utaona laini gani inakula wakati hakuna mtu anayetumia kitu.

Hatua ya pili: shusha swichi kuu yenyewe. Mita ikiendelea kupepesa, kuna waya uliochukuliwa kati ya mita na swichi kuu, au nyutro yako (waya wa kurudisha umeme) imechanganywa na ya jirani. Mita nyingi za kisasa hupima waya wa moto na nyutro, zikahesabu ule wenye mkondo mkubwa, kwa hiyo nyutro ya mtu mwingine ikipita kwako unalipa wewe. Usifungue kitu hapo. Toa taarifa kwa wanaokuuzia umeme na umwite fundi mwenye leseni.

Usidharau wati ndogo zisizolala. Wati 80 za usiku na mchana ni uniti 57.6 kwa siku 30. King'amuzi kikiwa kimezimwa kwa rimoti tu, vingi bado vinavuta wati 10 hivi, ambazo ni uniti 7.2 kwa mwezi. Zima ukutani.

Hita_na_Pasi

Nyutro kasema vizuri, ila kwa orodha hii mimi ningekimbilia hita kabla ya king'amuzi. Kitu chochote kinachotengeneza joto ndicho mlaji mkuu, vingine ni panya tu.

Hesabu ya maji ni moja: uniti moja inapandisha lita 860 kwa nyuzi 1. Kwa hiyo lita × nyuzi unazopandisha ÷ 860 = uniti. Tangi la lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni 50 × 35 ÷ 860, karibu uniti 2. Hapo bado joto linalovuja kwenye kuta za tangi saa zote, ambalo thamostati (kidhibiti joto cha hita) inalirudisha kimyakimya hata kama hakuna aliyeoga.

Linganisha kuoga. Ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 40 ni uniti 0.26. Shawa inayotoa lita 9 kwa dakika, mtu akikaa dakika 8, ni lita 72 na uniti 1.26. Watu 5 kila siku: ndoo ni uniti 1.3, shawa ni 6.3. Kwa mwezi ni 39 dhidi ya 189. Simwambii mtu arudi kwenye ndoo, nasema tu kichwa cha shawa kina thamani kuliko taa zote za nyumba. Pima chako: ndoo ya lita 10 ikijaa ndani ya sekunde 50, hiyo ni lita 12 kwa dakika. Tafuta kichwa cha lita 7 au 8.

Hita ya wati 1500 inahitaji dakika 80 hivi kupasha lita 50 zikiwa baridi kabisa. Washa kwa muda huo kabla ya kuoga, ogeni mfululizo, zima. Thamostati iache kwenye 60. Wengine huishusha hadi 45 ili kuokoa, lakini maji ya uvuguvugu yaliyolala kwenye tangi huzalisha bakteria. Okoa kwa muda wa kuwasha, si kwa kushusha nyuzi.

Ukisikia hita inachemka kwa sauti ya kukwaruza kama mchanga kwenye sufuria, koili (chuma kinachopasha maji ndani) imevaa magamba ya chokaa. Joto linapita kwa shida, koili inaungua, na ikipasuka umeme unavujia kwenye maji kwenda erthi. Breka ya kuzuia mshtuko ikikosekana, mita inahesabu uvujaji huo na anayeoga yuko hatarini. Ukiona wati zinapanda kwenye laini ya hita wakati thamostati imeshakata, izime na usiitumie mpaka ipimwe.

Friji usiku: acha iwake. Joto linaloingia ukiwa umeizima, kompresa italitoa asubuhi kwa kukimbia muda mrefu zaidi. Akiba inayobaki ni kiduchu, na chakula kikivuka nyuzi 5 kinaanza kuharibika. Badala yake bana karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka sehemu hiyo. Fanya hivyo pande zote nne, hasa kona ya chini upande wa bawaba, ambako mikunjo ya mpira hujaa uchafu mweusi. Mara nyingi si wa kubadilishwa: osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta ya mgando kidogo. Nyuma acha sentimita 10 kutoka ukutani na upanguse vumbi kwenye mabomba meusi. Barafu ikizidi unene wa nusu sentimita, zima uyeyushe. Ole wako utumie kisu.

Bomba_Kavu

Maji sasa, maana wote mmeng'ang'ania umeme.

Soma mita ya maji usiku, mwisho kabisa kabla ya kulala, tarakimu nyekundu pamoja na kile kigurudumu kidogo chenye meno. Tarakimu nyeusi ni meta za ujazo, kila moja lita 1000. Funga bomba zote, mtu asiflashi. Kigurudumu kikiendelea kuzunguka, hata kwa kusitasita, maji yanaenda mahali.

Mtuhumiwa wa kwanza siku zote ni choo, kwa sababu kinavuja bila sauti. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa dakika 30 bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ule mpira wa chini unaoziba tundu la tangi haukai sawasawa. Funga koki ya choo, toa maji, upitishe kidole kwenye ukingo unapokalia mpira huo: utakuta utando wa chokaa mkavu kama ganda la yai, au mpira wenyewe umevimba na kujikunja. Utando unasuguliwa kwa siki na kitambaa. Mpira uliojikunja hausuguliki, badilisha. Uende na ule wa zamani mkononi, kwani vipenyo vinatofautiana na kwa macho vinafanana.

Kama maji yanazama kwenye bomba la katikati la kumwagia ziada, tatizo ni boya (kile kinachoelea na kufunga maji tangi likijaa). Kiwango kiwe sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Zungusha skrubu ya boya, au ukikuta mkono wa shaba, ukunje kidogo kuelekea chini. Boya la plastiki lililopasuka huingia maji na kuzama. Litikise, ukisikia maji ndani limekwisha.

Bomba linalodondosha usilikadirie kwa macho. Kinga kikombe cha mililita 250. Kikijaa ndani ya dakika 30, hiyo ni lita 12 kwa siku, lita 360 kwa mwezi. Tiba ni washa ya mpira (kile kipete kinachoziba maji ndani ya bomba). Ila ukibadilisha washa na bado linadondosha, angalia kiti cha shaba kinachokaliwa na hiyo washa: kikiwa na mfereji uliochimbwa na maji, washa mpya italiwa tena ndani ya wiki chache. Kisagwe kwa kifaa chake, au ubadilishe bomba zima. Na acheni kukaza kwa nguvu, ndiyo inayokata washa.

Jambo moja watu hulisahau. Kama maji ya mtaani hukatika na kurudi, hewa iliyojaa kwenye mabomba husukumwa mbele ya maji na kuzungusha mita. Maji yakikatika, funga koki ya mita. Yakirudi, subiri kidogo kisha uifungue polepole.

Hita_na_Pasi

@Bomba_Kavu, na kuweka tofali kwenye tangi la choo?

Bomba_Kavu

Tofali hapana. Linamomonyoka na chembe zake zinakaa chini ya mpira, unaleta uvujaji uleule uliokuwa unaukimbia. Chupa ya lita moja iliyojaa maji na kufungwa inafaa kwa vyoo vya zamani vya lita 9 kwenda juu, mbali na boya. Kwa choo cha lita 6 usiweke: utaflashi mara mbili na hasara inarudi.

Moto_Bluu

Nami nichangie jiko, awe na gesi au umeme. Maji yakishachemka hayawi ya moto zaidi hata ukiwasha moto wote. Kinachoongezeka ni mvuke, nao ni ghali: kugeuza lita moja kuwa mvuke kunakula uniti 0.63, wakati kuipeleka lita hiyohiyo kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka ni 0.09 tu. Mara saba! Kwa hiyo ikichemka, punguza moto mpaka itokote taratibu, na ufunike. Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, kisha presha kuka. Miali ya gesi ikiwa ya njano na sufuria inapata masizi, matundu ya jiko yameziba au hewa haitoshi. Zima, yazibue kwa sindano jiko likiwa baridi.

Birika: chemsha unachokunywa. Wengi hujaza lita 1.7 kwa vikombe viwili.

Mpangaji_5

Shukrani sana wakuu. Mawili ya nyongeza. Mita ya maji ikitembea wakati kila kitu kimefungwa na vyoo viko sawa, nitajuaje kama ni bomba la ardhini au tangi la juu? Na pampu inaweza kula umeme kuliko kawaida yake?

Bomba_Kavu

Tenganisha kwa koki. Funga ile inayoingia kwenye tangi la juu. Mita ikisimama, kosa liko juu: panda uangalie bomba la kumwagia ziada, mara nyingi boya halifungi na maji yanateremkia paani bila mtu kuona. Mita ikiendelea, ni bomba kati ya mita na koki hiyo. Tembea juu ya njia yake asubuhi, tafuta udongo mlaini au nyasi zilizostawi peke yake. Uvujaji ulio baada ya tangi mita haikuonyeshi moja kwa moja: tangi likiwa limefungwa kuingiza, weka alama ya kiwango cha maji kwa chaki usiku, uangalie alfajiri.

Nyutro

Pampu: ndiyo, tena sana. Kwanza, wati zilizoandikwa kwenye kibati mara nyingi ni nguvu ya shafti, umeme unaoingia ni zaidi. Tumia mita kupima kama nilivyoeleza. Pili, pima dakika za kujaza tangi siku pampu ikiwa nzima, uziandike ukutani karibu na swichi. Zikiongezeka, unalipa muda ule wa ziada.

Kama kila mara inabidi uimwagie maji kabla haijavuta, vali ya chini ya bomba la kufyonza haifungi, kwa kawaida jani au mchanga umekwama. Kama inavuta huku inagugumia na maji yanatoka na mapovu, inanyonya hewa kwenye kiungo: fungua, vua tepu ya zamani yote, zungusha mpya raundi 6 hadi 8 kufuata mwelekeo wa nyuzi za kukazia za kiungo, kaza. Na kama ni ile ya kujiwasha yenyewe kwa presha, ikawa inawaka na kuzima kila sekunde chache, angalia upepo kwenye tangi lake dogo. Zima umeme, fungua bomba presha yote itoke, ndipo upime kwa geji ya matairi: uwe psi 2 chini ya presha inayoiwasha. Ukibonyeza vali ya upepo yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka, kujaza upepo hakutasaidia.