Re: Re: HOA wamekataa uwanja wa nyasi bandia uani (Katy, TX)

Baba Nasra, Katy

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. HOA, chama cha wenye nyumba mtaani kwetu, wamenirudishia ombi langu la ACC, ile kamati yao ya kupitisha michoro. Nataka kiwanja cha watoto uani, futi 30 kwa 50, nyasi bandia sehemu kubwa, magoli mawili madogo, na kipande cha zege chenye ringi ya kikapu. Niliambatanisha ramani ya kiwanja, kipande cha nyasi cha kuonyesha, rangi ya uzio, kila kitu. Jibu ni neno moja, "mifereji", halafu wanataka barua ya injinia yenye muhuri.

Swali langu ni hili tu: nani hapa kaunti ya Harris au Fort Bend amewahi kupata barua hiyo? Injinia alikuja kupima au alisaini akiwa ofisini? Na alitoza ngapi? Mkandarasi wangu anasema yeye kazi yake kutandika, muhuri haumhusu. Amana lakini keshaichukua.

Mama Tumaini, Sacramento

Pole kaka. Usiwaogope hao. Sheria hairuhusu HOA kukataza nyasi bandia, kifungu 4735. Sisi meneja wetu alijitia ukali, alipoonyeshwa kifungu akanywea. Tangu 2015 iko wazi, ni mambo ya ukame. Zetu zipo uani hadi leo na wala simwagilii.

Mzee wa Dallas

Mama Tumaini, kwa heshima zote, 4735 ni ya California. Texas haiijui. Na hata huko kwenu, 2023 gavana alisaini sheria ya SB 676, miji ikapewa ruhusa ya kuzipiga marufuku nyasi hizo. Tusipotoshane.

Isitoshe, Baba Nasra hakukataliwa nyasi, amekataliwa maji. Ndugu yangu, fungua Texas Property Code, sheria ya mali ya Texas, kifungu 209.00505. Mtaa ukiwa na viwanja vya nyumba zaidi ya 40, wakikukatalia ni lazima waandike sababu ikaeleweka, na waseme ubadilishe nini ili wakupitishe. "Mifereji" peke yake si sababu. Barua ikishapostiwa una siku 30 za kuomba kusikilizwa na bodi, nao wakipokea ombi lako wana siku 30 za kukuita. Omba kwa maandishi, ubaki na risiti ya posta. Usipige simu, watakuzungusha. Na uliza ACC wamekaa kina nani, maana tangu Septemba 2021 mjumbe wa bodi haruhusiwi kukaa humo, wala mke au mume wake.

Mama Tumaini, Sacramento

Sijasema ni ya Texas. Nimetoa mfano.

Fundi Kombo, Houston

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, naomba niseme kidogo. Wasiwasi wao una sababu. Udongo wa huku ni mfinyanzi mtupu, mvua ikipiga maji hayazami, yanatafuta kwa jirani. Kwa hiyo chini ndiko kwenye kazi. Unachimba inchi nne hivi, unatandaza kitambaa cha kuzuia udongo usipande, unamwaga kokoto zilizosagwa, unashindilia tabaka kwa tabaka, na unaacha mteremko mdogo kuelekea kwenye mfereji wako mwenyewe. Nyasi zinakuja mwisho kabisa, tena hiyo ni kazi ya siku moja. Angalia nyuzi zote zilalie upande mmoja. Fundi akigeuza kipande kimoja, jua la jioni likipiga utaona mshono kama shati lililounganishwa vitambaa viwili, na hapo hakuna dawa ila kung'oa. Kisha mchanga wa silika, unausugua kwa brashi mpaka uzame.

Mimi ningekuwa Baba Nasra ningeanza kwa kuondoa lile zege la kikapu kwenye mchoro. Zege ndilo linalofunga maji. Na angalia ramani yako, kama kuna izimenti ya mfereji (kipande kilichotengwa kwa mfereji) nyuma ya uzio, usiiguse hata inchi.

Kabla ya kuchimba piga 811, namba ya kuonyeshwa nyaya na mabomba yaliyo chini, ni bure. Watakuja kupiga rangi chini: nyekundu umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, buluu maji ya kunywa. Mabomba yako ya kumwagilia hawayaonyeshi, hayo utafute mwenyewe. Jamaa mmoja mtaani kwetu alidharau, akakata waya wa intaneti na nyumba kadhaa zikalala gizani kimtandao siku ya mechi. Mpaka leo hasalimiwi.

Kijana wa Rotterdam

Naona mnaongea kama mambo ni mifereji tu. Huku Ulaya zile punje za mpira wa matairi zinazojazwa viwanjani zimepitishiwa kanuni tangu 2023, na kuanzia Oktoba 2031 hazitauzwa tena kwa kazi hiyo. Watoto wanarudi nazo kwenye soksi. Fikirini afya.

Fundi Kombo, Houston

Nani ametaja matairi? Nimeandika mchanga. Soma kwanza kijana.

Mama Feisal, Minneapolis

Na joto je? Dada yangu yuko Arizona, wanawe hawawezi kukanyaga nyasi hizo pekupeku mchana, hata mbwa agoma. Yabidi zimwagiwe maji kwanza ndipo wacheze. Sasa ule ukame mlioukimbia uko wapi?

Wallahi mimi nacheka. Mtu anunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30, kisha aomba ruhusa mwanawe apige mpira uani kwake. Sisi Mombasa twacheza Tononoka, goli ni viatu viwili, na refa ni yule mwenye mpira. Akikasirika aenda nao kwao, mechi yaisha.

Otieno, Plano

Mama Feisal, hizo ground ziko wapi siku hizi? Zimepata wenyewe. Estate tuliyokulia Nairobi, uwanja umekuwa godown, na hakuna aliyeulizwa kibali wala barua ya injinia. Hapa angalau wanakukatalia kwa karatasi. CHAN tuliandaa 2025 na majirani, fainali Kasarani, Morocco wakachukua mbele ya Madagascar 3-2, sisi tukapiga vuvuzela. Watoto wa mtaa watafanyia mazoezi wapi?

Mzee wa Dallas

Tanzania nayo usiisahau kwenye hiyo lawama. Viwanja vya wazi Dar vimeota fremu za maduka.

Fundi Kombo, Houston

Ila Amaan tumeitengeneza, semeni ukweli.

Kijana wa Rotterdam

Imetengenezwa ili Yanga afungiwe vizuri.

Mzee wa Dallas

Mnyama huyu hapa, nilijua tu. Tuheshimu mada.

Baba Nasra, Katy

Asanteni nyote. Hiyo 209 nimeichapa, ombi la kusikilizwa naliposti kesho asubuhi. Zege nitaongea na mama watoto, kikapu ni chake. Bado natafuta injinia, jamani.

Mama Feisal, Minneapolis

Fundi Kombo, aliyebakiwa na vipande vya nyasi huko atupa au auza? Nataka futi sita kwa nne za barazani. Shemeji yangu yuaja Houston mwisho wa mwezi na gari tupu.