Kesi za ufisadi za wakubwa: mbona zinachukua miaka na miaka?

Mkaazi wa Shela, Malindi:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Washtakiwa wa Anglo Leasing, ile kashfa ya kandarasi za usalama za serikali ya Kenya, walifikishwa mahakamani mwaka 2015 kwa mambo yaliyofichuka tangu 2004, na hukumu ilipotoka Februari 2024 wakaachiliwa huru. Hapa kwetu, mvuvi aliyekamatwa na nyavu zilizopigwa marufuku huweza kuhukumiwa siku hiyo hiyo akikiri kosa. Watu wamechoka, tena wamechoka kwa haki. Je, sheria yetu ndiyo dhaifu, au ni mahakama?

Karani mstaafu:
Waaleikum salaam, mzee wangu. Sheria si dhaifu. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003 kinamtaka hakimu asikize kesi hizi siku baada ya siku hadi ziishe, kadiri inavyowezekana. Na kifungu cha 62, kinachomsimamisha kazi kwa nusu mshahara mtumishi wa umma aliyeshtakiwa, kinataka kesi iamuliwe ndani ya miezi 24. Lakini leo wakili ana kesi nyingine, kesho upande wa mashtaka haujakabidhi stakabadhi zote, mara hakimu amehamishwa, mara mmoja wa washtakiwa ni mgonjwa, kisha ombi la kikatiba linapelekwa Mahakama Kuu na kesi yenyewe inasimamishwa hadi liamuliwe. Kila sababu ikitazamwa peke yake ni halali, na hilo ndilo linaloniuma.

Mama wa Barani:
Kweli, mzee, ila tusiwasahau waendesha mashtaka. Kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, iliyomhusu aliyekuwa Waziri wa Fedha Henry Rotich, ilianza 2019 ikaanguka Desemba 2023, mashahidi wengi walioorodheshwa wakiwa hawajaitwa. Hakimu angehukumu kwa ushahidi gani? Kesi ya Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, ilianza pia 2019, ushahidi ukakamilishwa, na Februari 2025 akapatikana na hatia. Hata hiyo ilikaribia miaka sita.

Mkaazi wa Shela, Malindi:
Ahsanteni. Miezi 24 ikipita, nani huulizwa?

Karani mstaafu:
Kifungu hakikumtaja wa kuwajibika. Ningependa Idara ya Mahakama itangaze, kwa kila kesi ya aina hii, imeahirishwa mara ngapi, kwa ombi la nani na kwa sababu gani.